Watoto wa Sura Moja

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza, mkimaliza mkae chini. Nyinyi wasichana mliopewa mabegi mapya na simu za kujazia fomu, nimesikia mnataka nije kwenye semina yenu niwaambie kazi hii inafanywaje. Siji. Sitaki kula mandazi na kupigiwa makofi. Nimefika Fomu Foo, kalamu inanitosha. Miaka kumi nilizunguka mitaa hii ya Garissa na daftari la kaya kama mhudumu wa afya ya jamii, nikaacha kwa sababu ya mwanangu Khalid. Maneno mengi humu yalisemwa kwa Kisomali. Nayaandika kwa Kiswahili ili wenzenu wa kutoka Mwingi na Hola nao wasome. Wakitaka maneno matamu, wakanunue halua.

Tuanze na mlango. Unatoa salamu mara tatu. Usipojibiwa, geuka uende. Aliyenifundisha ni Eedo Dahabo, Mungu amrehemu, mkunga wa zamani ambaye alikuwa ameshapokea nusu ya watu waliokuwa wakimtukana. Eedo ni shangazi, lakini yeye alikuwa shangazi wa kila mtu. "Salamu ya nne ni ya mwizi," alikuwa akisema.

Na mwende saa saba mchana. Wanaume wako sokoni au wamelala, mama yuko nyumbani, maneno yanatoka. Lakini saa saba ya hapa mnaijua. Jua limesimama, kivuli kimejificha chini ya miguu yako, mbuzi wamelala kama wamechinjwa, na mtaa mzima husikii hata kikombe. Halafu vumbi linainuka peke yake, linakuwa nguzo, linatembea katikati ya njia kama mtu mwenye shughuli. Wazee wetu wanasema nguzo ile ina mwenyewe. Mimi nilisoma biolojia, nilipata B. Nikikutana nayo bado nasogea pembeni na kusema bismillahi. Nanyi msogee, haipunguzi kitu.

Ilikuwa saa kama hiyo nilipofika kwa Sahra mara ya kwanza. Salamu ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, sauti ya mtoto ikajibu kutoka ndani, sauti tulivu kabisa:

"Waalaykum salaam. Hooyo amekufa. Yuko kwenye tangi."

Hooyo ni mama. Nikaingia, nani angesubiri? Msichana wa miaka saba hivi alikuwa ameketi mkekani, miguu ameinyoosha, anatabasamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kando ya jiko la mkaa. Jiko lilikuwa linawaka. Nikamvuta, nikaona malengelenge yameshapanda vidoleni, naye ananiangalia kana kwamba mkono ule ni wa jirani.

"Amekufa lini?"

"Jana. Alivaa dera la kijani. Nywele zake zinaelea."

Wallahi nilienda kwenye tangi. Lilikuwa tangi jeusi la plastiki nyuma ya nyumba. Nikainua kifuniko huku nasoma kila aya ninayoijua. Ndani maji, na uso wangu mwenyewe. Nikapiga kelele kwa uso wangu mwenyewe, majirani wakatoka mbio, na nyuma yao akaja mwanamke amebeba sukari kwenye karatasi, amevaa dera la kijani.

"Kuna nini kwangu?" akauliza Sahra.

Mtoto akamtazama juu mpaka chini. "Huyu si yeye," akaniambia. "Huyu anafanana naye tu."

Majirani wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja. Mtoto huyo alikuwa Nasteho.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mtakapokosea kama nilivyokosea. Mtoto yule hakusema uongo. Uongo una faida, yeye alikuwa anafaidi nini? Baadaye daktari wa watoto alinieleza kwamba kuna watoto ambao ubongo wao uliumizwa na pombe wakiwa bado tumboni. Kumbukumbu zao zina matundu, na akili inaziba tundu kwa chochote kilicho karibu: dera la mama, tangi, neno alilosikia matangani. Anachokueleza anakiamini. Hisi zake nazo zinaweza kuwa zimechanganyikiwa, moto usimuume na lebo ya shati ikamliza. Leo anajua alif hadi ya, kesho hajui alif. Na anamfuata mtu yeyote. Ukimpa mkono, anakwenda.

Lakini katika mtaa wetu nani angetamka neno pombe? Sisi ni Waislamu. Kwenye daftari letu kulikuwa na mstari mmoja: mama alitumia pombe wakati wa mimba? Ndiyo au hapana. Siku yangu ya kwanza kazini nilimwuliza Eedo Dahabo mstari ule unaulizwaje.

"Hauulizwi," akasema. "Unaandika hapana."

"Bila kuuliza?"

"Fardosa, mwanangu, mwulize mwanamke wa hapa kama analewa, atakufukuza na kiatu, na kesho hata chanjo ya mtoto hutamfanyia. Unataka kuandika ukweli au unataka watoto wachanjwe?"

Nikaandika hapana. Kaya yangu ya kwanza hapana, ya pili hapana, miaka ikaenda. Tulikuwa tunajaza mstari ule tukiwa kwenye chai, kabla hatujatoka, ili tupunguze kazi. Kila mkuu wa kitengo aliona safu ile ya hapana, akafurahi. Wilaya takatifu! Nikikumbuka nataka kupiga mtu.

Nilimpeleka Nasteho kwa daktari. Akampima kichwa, akamtazama uso kwa muda mrefu: macho yenye upana mdogo, mdomo wa juu mwembamba, na pale kati ya pua na mdomo, mahali penye kijimfereji, yeye palikuwa laini kama kombe la uji. Akaniuliza kuhusu mama. Nikamfungulia daftari. Hapana, kwa mwandiko wangu mzuri. Daktari akasema sawa, basi tutafute kwingine, na tukatafuta kwingine miezi mingi. Damu, mkojo, barua za kwenda Nairobi. Mtoto akawa anadungwa sindano halia, na wauguzi wakaanza kumwogopa.

Alipokwama, daktari akanieleza habari ya pombe na uso ule, akasema: kaulize tena, kaulize vizuri. Nami nikaenda kuuliza, mjinga mimi, mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe wa Sahra ni Ayeeyo Shamsa. Ayeeyo ni bibi. Mwanawe, mume wa Sahra, alikuwa dereva wa malori, akafa barabarani Nasteho akiwa mchanga. Ayeeyo ndiye mwenye nyumba na mwenye neno. Nilifungua daftari nikasoma kama msoma habari: "Sahra, ulipokuwa na mimba hii ulikunywa pombe?"

"Hapana! Wallahi, hapana!"

Kiatu cha Ayeeyo kilinipata sikioni. Eedo Dahabo alikuwa nabii. "Toka!" akapiga kelele. "Mwanangu yuko kaburini na wewe unaleta ulevi juu ya mkeka wake! Mtoto ana jini. Kila mtu anajua ana jini. Alhamisi ijayo gari linakuja, anapelekwa kwa mzee wa vichakani, na asiporudi mzima nisiitwe Shamsa."

Mzee huyo wa vichakani tulimjua wote. Msimchanganye na maalim wetu. Maalim wa dugsi, yaani chuo cha Kurani cha mtaa, alikuwa akimwandikia Nasteho mstari mmoja kwenye ubao, mstari uleule, kila asubuhi, kwa wino wa mkaa. Nilimwuliza hachoki? Akasema, "Yeye anasahau, mimi sisahau. Basi tunakumbuka wote wawili." Yule alimsomea pia dua, na mtoto akalala vizuri. Huyo wa vichakani alifunga minyororo. Alisema jini hutoka kwa mguu, na mguu usipotulia jini hatoki. Kuna waliokaa kwake mwaka. Kuna ambaye hakurudi.

Kwa hivyo hesabu yenu ni hii: nilikuwa na siku tisa, na mtoto aliyekuwa tayari kumfuata mtu yeyote.

Jumanne, siku mbili kabla ya gari kuja, Sahra alinijia mwenyewe, amejifunika mpaka macho. "Abaayo," akasema, dada, "nataka nipaone kwanza. Nisimtume mwanangu mahali nisipopajua." Tukakodi Probox, tukamwambia dereva tunakwenda kuona mbuzi, tukashika barabara ya Wajir, halafu tukakunja kwenye vichaka.

Ilikuwa saa saba tena. Ua wa miiba, mti mmoja wa mgunga, kimya. Nilitarajia vilio, na nilikuwa nimejiandaa kwa vilio. Hakuna aliyelia. Walikuwa tisa, wameketi kivulini wakiegemea shina, kila mmoja na mguu mmoja umenyooshwa. Mti ulikuwa umelika gome kwa chini, umezungukwa na alama laini kama shingo ya punda wa maji. Mzee mwenyewe alikuwa amelala. Kijana mmoja wa kuwahudumia alitupa maji na kutueleza kwa fahari, kama anaonyesha ng'ombe: "Huyu anaanguka kifafa. Huyu alipiga babake. Huyu ametoka Buna, hakumbuki chochote. Yule wa Tarbaj, anatembea tu, anatembea mpaka porini. Na huyu msichana wa Diff anazungumza na waliokufa."

Wa Buna alikuwa kijana mwenye ndevu. Wa Tarbaj alikuwa na miaka kama kumi na mbili. Msichana wa Diff alikuwa mdogo kuliko Nasteho. Koo tatu tofauti, umbali wa siku mbili kwa gari, hawajui hata majina ya wenzao. Wote watatu wakageuka kututazama kwa wakati mmoja.

Sahra akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Ulikuwa uso mmoja. Jamani, nilihisi nywele zinasimama ndani ya hijabu. Macho yale madogo, mdomo ule, ile sehemu laini chini ya pua. Uso wa Nasteho ukiwa mdogo, uso wa Nasteho ukiwa mkubwa kidogo, uso wa Nasteho na ndevu. Walikuwa wanafanana wao kwa wao kuliko mtoto anavyofanana na mamake. Msichana wa Diff akatutabasamia, akanyoosha mikono ili abebwe, na mnyororo ukalia.

"Ni jini mmoja," Sahra akanong'ona. "Amewazaa wote."

Lakini mimi uso ule nilikuwa naujua kutoka mahali pengine. Naupaka mafuta kila asubuhi kabla ya chai. Khalid wangu, miaka sita, anayepoteza viatu akiwa amevivaa, ambaye walimu wa chekechea walisema ni mtukutu nami nikamchapa. Nimemchapa, andikeni hilo pia. Nilikuwa nimekaa na uso huo miaka sita, na ilibidi niuone umefungwa kwenye mti ndipo niutambue.

Msije sasa mkaenda kukagua midomo ya watoto wa watu. Wengi walioumizwa na pombe hawana uso huo kabisa, na mwenye mdomo mwembamba huenda ameurithi kwa babake. Uso hautoi hukumu. Daktari ndiye hupima. Lakini siku ile mimi sikuhitaji daktari, maana mimi nilijua nilichokunywa.

Nilimwambia Sahra njiani, dereva akiwa ameshuka kubadilisha gurudumu. Tulisimama kando ya barabara tukitazama mbele, si kutazamana. Hiyo ndiyo njia ya kuuliza, ikaeni kichwani: usimkabili mtu uso kwa uso, usimsomee fomu, usikae ambapo mama mkwe anasikia. Shika kitu pamoja naye, anika nguo, chambua mchele, tazameni kitu kimoja. Na anza na wewe.

"Mwaka niliopewa talaka," nikasema, "sikuwa nalala. Rafiki yangu alikuwa ananiletea chupa ya soda. Haikuwa soda. Miezi mitatu. Sikujua kama nina mimba. Nilikuwa na begi la afya mgongoni, Sahra. Nilikuwa nafundisha wengine lishe. Na Eedo Dahabo aliponijazia fomu yangu aliandika hapana bila kuinua kichwa, kwa sababu alinipenda."

Nguzo ya vumbi ilikuwa inatembea kule mbali, sambamba na barabara.

"Wewe ulikuwa unalala vipi?" nikamwuliza.

"Sikuwa nalala," akasema Sahra.

Halafu akasema yote. Dereva alimaliza gurudumu, akaosha mikono, akaona tunalia wawili, akauliza: "Kwani mbuzi walikuwa ghali hivyo?"

Jumatano baada ya alasiri tukaketi mbele ya Ayeeyo Shamsa. Nilivua viatu vyangu nikaviweka mbali, na vyake nikaviweka mbali zaidi. Nikaanza na mimi, kisha nikasimulia tuliyoyaona chini ya mti, hadi msichana wa Diff. Sahra akafuata. Akasema: niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, sikumjua mtu hapa, nilikunywa, sikujua inamfikia mtoto. Akasema kama ni talaka hakuna wa kunipa, kama ni kufukuzwa nifukuze, lakini Nasteho asifungwe kwa ajili ya kitu nilichokunywa mimi.

Ayeeyo alikuwa anahesabu tasbihi. Ikafika mwisho, akaanza upya. Nikadhani hakusikia.

"Nani alikuwa anakuletea?" akauliza.

Sahra akavuta shungi usoni.

"Nimekuuliza. Msichana wa miaka kumi na saba, hajui njia ya sokoni, chupa aliipata wapi?"

Hapo ndipo nikaelewa kwamba bibi yule hakuwa anauliza.

"Nilikuwa namfulia mashati," Ayeeyo akasema. "Mwanangu. Nilikuwa namfulia mashati mimi mwenyewe, ili mtu mwingine asiyanuse." Akaweka tasbihi chini. "Nikasema jini. Jini hana mama wa kuaibika."

Hakutuomba msamaha, na msitarajie kuombwa. Alisema tu kwamba mtoto haendi kokote, akatuamuru tupike chai.

Lakini kusema ni kitu kimoja na mtoto ni kitu kingine. Wiki nzima Nasteho alikuwa akiambiwa: Alhamisi gari litakuja, utapanda. Kitu kimoja alichokishika katika maisha yake yote, akakishika hicho. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kimebadilika, na hakuna aliyekumbuka kumwambia dereva wa mzee wa vichakani.

Alhamisi asubuhi nilikuwa ndani na daftari langu, mimi na Sahra tunaandika upya historia yake kwa ajili ya daktari. Tukasikia mlango wa gari. Tulipotoka, Probox jeupe lilikuwa limesimama njiani, injini inanguruma, na Nasteho ameketi kiti cha nyuma, ndala zake zimepangwa mapajani, anatutabasamia.

"Nasteho! Toka! Nani alikwambia upande, shuka haraka, njoo hapa, vaa ndala!" Sahra akapiga kelele. Akamshika mkono, mimi mguu. Mtoto akashika kiti. Uso wake haukubadilika hata kidogo, tabasamu lilelile, lakini vidole vile vilikuwa chuma. Dereva akauliza kama aondoke. Ukimwambia mtoto wa aina hii maneno sita kwa mkupuo, hana hata moja. Daktari alikuwa amenieleza jambo hilo, na pale mlangoni nikalisahau.

Ayeeyo Shamsa akatusukuma pembeni kwa fimbo. Akaingia, akaketi kando ya mjukuu wake, akafunga mdomo. Dakika nzima. Dereva akazima injini. Kisha bibi akasema neno moja, taratibu:

"Shuka."

Akangoja. Mimi ningesema tena. Yeye akangoja.

Nasteho akashuka.

"Vaa."

Akavaa.

"Sasa mimi nimpeleke nani?" dereva akauliza, maana ametoka mbali na ameambiwa kuna mtoto. Ayeeyo akamwambia aende akamwambie mzee wake kwamba Shamsa atakuja Jumamosi na maalim na chifu, kumwona yule msichana wa Diff aliyenyoosha mikono, na awe na ufunguo mkononi.

Dereva akawasha gari. Mlango wa nyuma ulikuwa bado wazi. Akaondoka hivyohivyo, polepole, mlango unapepea, akikata kona kuelekea nyumbani kwangu, ambako Khalid alikuwa amekaa nje peke yake akinisubiri, naye hajawahi kuona mlango wazi asiingie.

Daftari nililiacha mkekani kwa Sahra, sikulirudia tena. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi nilikimbia kwenye njia ile bila kumpa mtu salamu hata moja, nikamshika Khalid mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari.